Jiko la Mjomba

Wakati wa masika, baridi ya Turwa huingia hadi mifupani. Dada yangu alikuwa amekuja nyumbani kujifungua, na mtoto alikuwa na siku tisa. Mimi mjomba, kwa mapenzi tu, niliwawekea jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Nikaenda kulala nimeridhika na kazi yangu.

Kabla ya alfajiri nilisikia kishindo. Dada alitaka kuinuka, miguu ikamkataa. Kichwa kilimwuma kana kwamba kinapasuka. Mtoto alikuwa amelegea, halii, hanyonyi. Tukawatoa nje.

"Mtoto huyu karogwa," mama alisema. Nusura nikubali, maana moshi sikuuona wala harufu sikuisikia.

Hospitalini muuguzi wa makamo aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, mlilala na jiko?"

Nikainamisha kichwa. Wote wawili wakawekewa oksijeni. Jua lilikuwa limekwisha panda mtoto alipolia, na sijapata kusikia sauti tamu kama ile.

Baadaye nilisoma ili nijue nilichokuwa nimekitenda. Mkaa ukiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu ya kichanga huing'ang'ania zaidi. Mtu akitolewa nje tu, sumu hupungua nusu kwa saa 4 hadi 5. Akipewa oksijeni tupu, kwa kiasi cha saa moja na nusu. Akitiwa katika chumba maalumu chenye shinikizo la hewa mara 2 na nusu hadi 3 ya kawaida, huku akivuta oksijeni, ni kama dakika 20. Mskoti John Scott Haldane alionyesha kwa panya, mwaka 1895, kwamba oksijeni ya shinikizo huokoa. Kichanga akiwa humo hunyonyeshwa, apate kumeza, masikio yasiumie.

Lakini vyumba hivyo kwetu huhusu zaidi wapiga mbizi wa pwani, na bahari iko mbali na Tarime. Tena madaktari hawajaafikiana ni nani hasa hufaidika navyo kuliko oksijeni ya kawaida. Kwetu sisi, ndugu msomaji, dawa iliyo karibu ni dirisha, na jiko kubaki uani.

Mpwa wangu sasa yuko darasa la pili. Nilisoma pia kwamba sumu ile yaweza kuacha alama katika kumbukumbu. Basi akitumwa chumvi dukani akarudi na kiberiti, wenzake hucheka. Mama yake hucheka nao, wala hajanilaumu hata siku moja. Mimi huinuka, nikaifuata chumvi mwenyewe.