Siku tatu na watu wa kamera

Wale watu wa tamthilia ya TV walipokuja hapa Kakuma, mimi nikapewa jamaa wa sauti, kumshikia ile fimbo ndefu ya maiki. Jamani, fimbo ile ni nyepesi dakika mbili za kwanza tu! Na upepo wa Turkana mnaujua. Bodaboda ikipita, tunarudia. Mbuzi akilia, tunarudia. Kipande cha dakika moja kilikula asubuhi nzima, maana kamera ni moja: wanapiga kwa mbali, halafu karibu, halafu uso wa mwenzake, na kikombe lazima kiwe mkono uleule.

(Walikuja na mahema yao, eti nyumba zetu za udongo na mabati hazifanani na kambi. Kambi iliyopo tangu 1992!)

Shida ikaja kwenye kipande cha kukimbia vita. Tubebe mizigo kichwani, tukimbie, milio ya risasi itawekwa baadaye. Mama mmoja Mkongo, jirani yetu, akatua mzigo wake chini: "Mwanangu, mimi hii nilishakimbia. Sirudii."

Kimya. Mwongozaji, kijana tu, akamfuata. "Sasa Mama, wewe ungependa kufanya nini?"

"Kupika."

Basi wakamweka jikoni kwake, anasonga bugali, mlango wazi, sisi wengine tunapita mbio nje. Maiki ilikuwa juu ya sufuria, sauti ya mwiko ikaingia safi kabisa. Mara moja tu.

Na malipo yake yalikuwa sawa na ya waliokimbia. Hilo alilidai kabla hajawasha moto.