Kombora na Roketi: Chuma Kimoja, Nia Mbili



Sisi twasomesha chuo cha Kurani huko Temeke, na elimu yetu ya skuli haikupita darasa la saba. Hatuandiki khabari hii kwa kujifakhiri, bali kwa kukiri kosa, ili mwenzetu mwenye chuo asije akalirudia.

Jioni moja, karibu na Magharibi, kijana wetu wa miaka 14 alituuliza: "Maalim, kombora linalobomoa nyumba za watu na roketi inayopeleka vyombo angani ni kitu kimoja? Na mtu aliyeshughulika na lile, kisha akashughulika na hii, atahesabiwaje mbele ya Mwenyezi Mungu?"

Wenziwe wakacheka. Sisi jawabu hatukuwa nalo, na kwa kuona haya tukamkemea, tukamwambia ayaache mambo ya makafiri ashike msahafu wake. Akainama, akaufunga msahafu. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu. Hata wiki ilipopita, mama yake akatujia akasema: "Maalim, mtoto anasema kuwa huku kuuliza ni dhambi." Neno hilo lilituchoma, walakini kiburi kilituzuia, tukanyamaza.

Baada ya miezi michache tulialikwa harusini Mambrui, kaskazini ya Malindi. Mwenyeji wetu akatupeleka kutembea Ngomeni, kijiji cha wavuvi, akatuonyesha majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu yake ndani ya bahari. Tulidhani ni ya kuchimbia mafuta. Akasema: "Sivyo, Maalim. Hapo ndipo Wataliana walipokuwa wakirusha roketi." Tukalikumbuka swali la yule kijana, na tangu siku hiyo tukawa tukisoma na kuuliza wajuao. Tuliyoyapata ni haya.

Luigi Broglio alizaliwa mwaka 1911 huko Mestre, karibu na Venice, nchi ya Italia. Alikuwa ofisa wa jeshi la anga, tena profesa wa Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1956 jeshi lilimpa usimamizi wa uchunguzi wa silaha, na humo akashughulika na roketi. Lakini fikira zake zilipita vita. Alitaka kujua hali ya hewa nyembamba iliyo juu kabisa, ambako ndege haifiki. Mwaka 1962 nchi yake ilipatana na Marekani: Wamarekani watoe roketi, nao Wataliana watengeneze setilaiti, yaani mwezi mdogo wa kuundwa kwa mikono. Ya kwanza ilirushwa kutoka Marekani tarehe 15 Desemba 1964.

Mbona basi alikuja pwani yetu? Dunia huzunguka, na aliye kwenye ikweta huchukuliwa kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, mwendo uzidio wa mahali pengine po pote duniani. Roketi ikirushwa karibu na hapo kuelekea mashariki hupata mwendo huo bure, kama jiwe litupwalo mbele na mtu aliye juu ya gari linalokwenda. Ngomeni iko kiasi cha digrii 3 kusini ya ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu.

Tarehe 26 Aprili 1967, setilaiti ya San Marco 2 ilipaa kutoka baharini hapo. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru wake, ilipaa setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hiyo ndiyo ya kwanza iliyoundwa makusudi kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota, nayo ilitambua mahali zaidi ya 300 inakotoka miale hiyo. Kutoka mwaka 1967 hata 1988, setilaiti 9 zilirushwa hapo. Broglio alifariki Januari 2001, na kituo hicho sasa kinaitwa kwa jina lake.

Lakini lililotushika zaidi ni hili. Roketi iliyobeba setilaiti hizo, iitwayo Scout, ilikuwa na vipande vinne vilivyopandana, na mtambo wa kipande cha pili asili yake ni kombora la jeshi la Marekani liitwalo Sergeant. Basi yule kijana hakuuliza upuuzi! Hata katika Sura ya Hadidi tumefunzwa kuwa chuma kina ukali, na kina manufaa kwa watu. Nasi tulikuwa tukiisomesha sura hiyo miaka yote.

Wala elimu hii si ya makafiri peke yao. Hassan ar-Rammah wa Shamu, aliyefariki mwaka 1295, aliandika namna ya kusafisha shura ya baruti na ya kuunda vyombo vya moto virukavyo. Na yeye pia aliandika kwa ajili ya vita. Hesabu ya Broglio na ya ar-Rammah iko kwa Mola wao. Sisi tulilofunzwa na Mtume wetu (s.a.w.) ni kuwa amali hupimwa kwa nia.

Tuliporudi Dar es Salaam tulikwenda nyumbani kwao, na mbele ya mama yake tukasema: "Mwanangu, uliuliza swali la haki, nasi tukakujibu kwa hasira kwa sababu hatukujua. Tusamehe." Tukamweleza yote haya. Akasikiliza, kisha akauliza: "Na mtu akiunda kwa nia njema, wakubwa wake wakaitumia kwa shari, je, Maalim?"

Tukamwambia: "Hilo hatulijui. Njoo kesho chuoni tulitafute pamoja."

Akaja.

Enyi wazazi, na enyi waalimu wenzetu, msiwalazimishe watoto kuchagua baina ya msahafu na kitabu cha fizikia. Mtoto aulizaye nia ya chombo kabla hajajua kukiunda, huyo ndiye tumtakaye akiunde.