Wale nyoka wa sinema ni nyoka gani?



Tunawaandikia juu ya jambo lililogawanya darasa letu kwa juma zima. Si siasa wala mpira. Ni nyoka wa sinema.

Sinema yenyewe ni ya Steven Spielberg, ya mwaka 1981. Kwa Kifaransa inaitwa Les Aventuriers de l'arche perdue. Tulionyeshwa kwa sababu inahusu Sanduku la Agano. Katika hadithi tuko mwaka 1936, na Indiana Jones anateremka ndani ya shimo huko Tanis, Misri. Chini kote ni nyoka tupu. Bwana huyu haogopi risasi, lakini nyoka anamtetemesha. Rafiki yake anaangalia chini na kusema ni wale nyoka wa sumu wa Misri, ambao Biblia yetu inawaita fira.

Usiku ule hatukulala mapema. Mmoja akasema: "Wote ni fira, yule mtu amesema." Mwingine: "Hapana, ile kubwa ni boa, boa haina sumu!" Wa tatu akakata maneno: "Nyoka ni nyoka. Unapiga kichwa, bas." Neno hilo la mwisho halikutupendeza, maana linamfunga mtu macho. Tukaomba kurudia kipande kile pamoja na profesa wetu wa biolojia, pole pole, tukisimamisha picha.

Tuliona aina tatu. Ya kwanza ni fira wa kweli, aliyesimama mbele ya uso wa Indiana Jones na kutanua shingo. Lakini kati yao waliweka kioo. Katika kopi za zamani, ukiangalia vizuri, unaona kivuli cha nyoka ndani ya kioo.

Ya pili ni wale wanene wenye mabaka. Hao ni chatu, na wengine ni wa Asia, hawapatikani Misri. Kwetu Katanga watu wengi wanamwita chatu "boa", jina lililokuja na Kifaransa. Lakini chatu hutaga mayai, na boa wale wakubwa wa Amerika huzaa watoto hai. Wote wawili hawana sumu, wanakaba.

Ya tatu ndiyo iliyotuchekesha. Wengi wa wale wembamba si nyoka hata kidogo! Ni mijusi wasio na miguu, wa kusini-mashariki ya Ulaya na wa Asia. Alama zake ni mbili: mjusi yule ana kope na anafumba macho, tena ana tundu la sikio nyuma ya kichwa. Nyoka hana kope wala tundu la sikio. Tulikumbuka fira kiziwi wa Zaburi ya 58. Sinema ilipigwa katika studio ya Elstree, Uingereza, na walihitaji maelfu ya viumbe wa kutambaa, basi wakachanganya.

Mambo yangeishia hapo, lakini sivyo. Kesho yake wadogo wetu wa mwaka wa kwanza walianza kusema wakikuta nyoka shambani, kwanza wataangalia kama ana sikio! Hapo tuliona kwamba jambo hili si mchezo, na ndiyo sababu ya kuandika.

Sikilizeni habari ya Karl Schmidt wa Chicago. Mwaka 1923 alitoa kazi kubwa juu ya nyoka wa Kongo yetu. Mwezi wa 9 mwaka 1957 bustani ya wanyama ilimpelekea nyoka mdogo ili amtaje jina. Alikuwa boomslang, jina la Kiafrikaans lenye maana ya nyoka wa mti. Bwana Schmidt alikuwa na mashaka, maana alama moja ya magamba haikulingana na kitabu. Alipomshika, nyoka akamuuma kidole gumba. Hakuona hatari, kwa sababu nyoka alikuwa mdogo na meno yake ya sumu yako nyuma. Akaandika yote aliyosikia mwilini mwake. Kesho yake, tarehe 26, alikufa kwa kutoka damu.

Boomslang huyo yuko hata katika jimbo letu. Kuko pia swila anayetema sumu machoni, na kifutu anayelala njiani bila kukimbia. Kuko koboko, ambaye Wazungu wanamwita mamba mweusi. Mwili wake si mweusi, ni wa kijivu au kahawia. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa. Anayengoja kuona kinywa amechelewa.

Sumu zao si moja. Ya kifutu inavimbisha na kuozesha nyama. Ya koboko inazuia pumzi. Ya boomslang inazuia damu isigande, na dawa yake ni ya peke yake, inatengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo jina la nyoka linamsaidia daktari. Lakini usimfukuze nyoka ili umjue: ataumwa na mtu wa pili. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma. Shika akilini rangi, unene na namna alivyosimama, inatosha.

Aliyeumwa asikimbie, atulie, asichezeshe mguu, abebwe mpaka hospitali. Usikate kwa wembe, usinyonye kama katika sinema, usifunge kamba kwa nguvu. Na lile jiwe nyeusi, tunajua wazee wetu wanalitumainia, lakini halitoi sumu mwilini.

Katika kitabu cha Mwanzo Mungu alimletea Adamu wanyama, naye akawapa majina. Tunafikiri aliwaangalia kwanza. Basi, wapendwa, katika sinema simamisheni picha na mbishane mpaka asubuhi. Katika majani marefu ya Fungurume, rudini nyuma hatua tano, ndipo mwangalie.