Safari ya Vikuge: Apimaye Naye Apimwe

Kutoka Dar es Salaam nilipanda basi hadi Kibaha, kisha nikaendelea mpaka Vikuge, katika Mkoa wa Pwani. Nchi yapendeza, lakini ina habari yake. Mwaka 1986 shamba la serikali la hapo lililetewa kutoka Ugiriki msaada wa dawa za kuulia wadudu, kama tani 170, baadhi zikiwa zimekwisha muda wake. Ziliwekwa katika banda lililo wazi. Banda likaja kuanguka, na mvua ikazinyeshea. Baadaye wataalamu walipima udongo na maji ya mahali hapo, wakakuta DDT.

Mama mmoja alinipa maji ya kunywa. Yaling'aa, wala hayakuwa na harufu. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, maji haya ni safi?"

Sikuwa na jibu. Jicho haliioni DDT. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi maikrogramu 1 katika lita ya maji, yaani gramu moja ndani ya lita milioni moja! Ni maabara tu iwezayo kuitambua.

Lakini, ndugu msomaji, maabara nayo yaweza kukosea. DDT hupenda kugandama kwenye kuta za chupa, na nyingine hupotea wakati wa kuitenga na maji. Mpimaji asiye mwangalifu atasema "hamna", kumbe imo.

Kwa hiyo maabara nazo hupewa mtihani. Msimamizi hutia dawa kidogo katika maji, huyagawa katika chupa zilizo sawa, na kuzipelekea maabara nyingi bila kuziambia kiasi alichotia. Kila maabara hupima peke yake na kuleta jibu. Tofauti ya jibu hilo na kiasi kinachokubaliwa kuwa sahihi, iwe imezidi au imepungua, hugawanywa kwa kipimo cha tofauti kilichowekwa. Hesabu isipozidi 2, maabara imefaulu. Ikiwa kati ya 2 na 3, hilo ni onyo. Ikifika 3 au zaidi, imeshindwa. Yapasa itafute kosa lake na kulisahihisha.

Si jambo dogo. Jibu la uongo laweza kufunga kisima kizuri, au kuwaacha watoto wakinywa sumu kwa miaka.

Basi, karatasi ya vipimo ikiletwa kijijini kwenu, msiulize tu, "Maji yana nini?" Ulizeni pia, "Aliyeyapima, yeye alipimwa lini?" Swali hilo ndilo nilitamani kumwachia yule mama.