Pikipiki ya Zschopau

Alfajiri, kabla umande haujakauka, mlio wa mitambo husikika katika njia za Kibaha na Kisarawe. Kijana mmoja amepakia viroba vya mihogo; mwingine ampeleka mama mgonjwa hospitali. Watu hukiita chombo hicho pikipiki, na jina lenyewe lafanana na mlio wake. Kila mtoto wa Pwani aijua pikipiki. Lakini ni wachache wajuao habari za mtu aliyetaka kutengeneza gari, akashindwa, na kushindwa kwake kukawa mwanzo wa kazi kubwa.

Mtu huyo aliitwa Jørgen Skafte Rasmussen. Alizaliwa katika nchi ya Denmark mwaka 1878, akaenda Ujerumani kujifunza uhandisi. Mwaka 1906 alinunua kiwanda kikuukuu cha nguo katika mji mdogo wa Zschopau. Siku zile Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wakiitawala Tanganyika, na reli yao ilikuwa ikijengwa kutoka Dar es Salaam, kupita Pugu na Soga, mpaka ikafika Morogoro mwaka 1907.

Vita vikaja mwaka 1914, na petroli ikawa adimu. Rasmussen akawaza, “Gari liende kwa mvuke.” Mwaka 1916 akaanza kujaribu, na jina la gari lile kwa Kijerumani likafupishwa kwa herufi tatu: DKW. Gari halikufaulu. Hata hivyo Rasmussen hakuzitupa herufi zile. Mwaka 1919 kiwanda chake kilitengeneza mtambo mdogo sana wa kuchezea watoto, na herufi zikapata maana mpya, “Matakwa ya Mvulana.” Mtambo ule ulipokuzwa na kufungwa katika baisikeli, maana ikageuka tena, ikawa “Ajabu Ndogo.” Kufika mwaka 1928, hapakuwa na kiwanda kingine duniani kilichotengeneza pikipiki nyingi kuliko cha Zschopau.

Siri yake ilikuwa wepesi. Mtambo ulikuwa wa mipigo miwili. Pistoni ikipanda, hushindilia hewa iliyochanganyika na petroli, cheche huiwasha, nayo pistoni husukumwa chini. Ikishuka, hufunua matundu: moshi hutoka, hewa mpya huingia. Basi kila mzunguko mmoja huleta nguvu. Oili hutiwa pamoja na petroli, na vipande vya kuharibika ni vichache. Mtu wa mshahara mdogo aliweza kuinunua pikipiki hiyo na kuitunza.

Mwaka 1939 ilitokea pikipiki mashuhuri kuliko zote za kiwanda hicho, RT 125, iliyobuniwa na mhandisi Hermann Weber. Mwaka ule ule vita vya pili vilianza. Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, Warusi waliifungua mitambo ya Zschopau wakaichukua, na michoro ya RT 125 ikawa mali ya washindi. Warusi wakaunda yao. Waingereza wakaunda BSA Bantam, na Wamarekani wa Harley-Davidson wakaunda yao pia. Hata Wajapani waliifuata: Yamaha, jina lililojulikana kwanza kwa vinanda, lilitoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1955 kwa mfano huo huo. Baadaye pikipiki za Yamaha zilifika mpaka Tanzania.

Na wenye kazi walipata nini? Rasmussen alikuwa ameondolewa katika kampuni mwishoni mwa mwaka 1934. Akarudi kwao Denmark baada ya vita, akafa mwaka 1964. Weber alichukuliwa kwenda Urusi, akafia huko mwaka 1948, mbali na jamaa zake, wakati pikipiki aliyoibuni ilikuwa ikienea kwa majina ya wengine. Mpanzi si mlaji siku zote. Ni jambo la kusikitisha, wala halifai kufichwa. Lakini kazi njema haifi pamoja na mtu aliyeifanya.

Kibaha yenyewe yalijua jambo hilo. Mwaka 1963 Denmark, Norway, Sweden na Finland zilianza kujenga hapo shule na kituo cha afya, na mwaka 1970 zikaikabidhi Tanzania kazi yote. Wajenzi walikwenda zao. Watoto wangali wanasoma.

Siku hizi pikipiki nyingi za bodaboda hutoka Bara Hindi na China, nazo ni za mipigo minne. Hata hivyo wazo ni lile lile la Zschopau: chombo chepesi, cha bei nafuu, ambacho fundi aweza kukifungua chini ya mwembe. Mwanafunzi wa Kisarawe amwonapo fundi huyo, mikono myeusi kwa oili, akikigeuza kipande kilichoharibika ili akione vema, na akumbuke gari lile la mvuke lisilofaulu. Aliyelitengeneza hakukaa akililia. Alichukua kilichobaki, hata kama ni herufi tatu tu, akaanza tena.