Nilisoma Bajeti, Madeni Nikayafumbia Macho

Nina jambo la kuungama. Wenye haki ya kulisikia kwanza ni majirani zangu wa nyumba tisa hapa Balangdalalu, ambao mwaka 2022 walinipa mahindi yao bila kushika hata shilingi. Hao nimekwisha kuwafuata mmoja mmoja na kuwaambia. Sasa naliandika kwa ajili ya mfanyabiashara mwingine ambaye usiku huu anajaza tenda yake ya kwanza ya serikali.

Taasisi yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ya umma, inalisha watu wengi, na ilitangaza tenda ya mahindi na maharage kwa mwaka wa fedha 2022/23. Mimi nilikuwa mnunuzi wa nafaka wa kawaida: nanunua kwa wakulima, napakia Fuso, nashusha Katesh au Babati, narudi na hela mfukoni. Tenda ya serikali niliiona kuwa ndiyo njia ya kukua. Nikasajili biashara, nikatafuta cheti cha kutodaiwa kodi, nikanunua mashine ya risiti, nikajiandikisha kwenye TANePS, mfumo wa manunuzi ya serikali kwa mtandao uliotumika kabla ya NeST kushika nafasi yake mwaka 2023.

Kumchunguza mteja nilimchunguza, tena kwa bidii. Nilipata mpango wao wa manunuzi wa mwaka, nikaona kiasi kilichotengwa kwa chakula. Nikakusanya taarifa za tenda walizotoa miaka mitatu nyuma: nani alipewa, mzigo gani, kwa bei gani. Yote nikayaandika kwenye daftari, nikajumlisha kwa kalamu nyekundu, nikaona kila mwaka kiasi kinapanda. Nikamwambia mke wangu, huyu mnunuzi ana nguvu.

Nilichokuwa nimejumlisha ni mikataba. Malipo sikuwa nimeyaona hata moja. Bajeti inayopitishwa na Bunge mwezi Juni ni kibali cha kutumia. Fedha ya Matumizi Mengineyo, ambayo maofisini wanaiita OC, hushuka kutoka Hazina kidogo kidogo, na mara nyingi hushuka pungufu. Ofisi ikishanunua kwa kibali na fedha isishuke yote, pengo hilo anabaki nalo mzabuni. Mwaka mpya unaanza na deni la mwaka uliopita limekaa mlangoni, likisubiri fungu lile lile ambalo mimi nilikuwa nalihesabu kuwa langu. Mikataba kuongezeka mwaka hadi mwaka kunaweza kumaanisha kwamba deni nalo linaongezeka. Daftari langu halikuwa na safu ya kuandika mzabuni wa mwaka juzi alilipwa lini.

Ningeishia hapo, msomaji angesema nilikosa elimu ya hesabu za serikali. Ukweli ni mbaya zaidi. Nilijua.

Mpwa wangu alinishushia kwenye simu ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG. Ripoti hizo hukabidhiwa kwa Rais kila mwaka kufikia mwisho wa Machi, na zikishawasilishwa bungeni mwezi Aprili mtu yeyote anaweza kuzisoma. "Mjomba, angalia huku nyuma," akasema, akasukuma kurasa kwa kidole mpaka kwenye viambatisho. Palikuwa na jedwali la taasisi zinazodaiwa na wazabuni na watoa huduma. Jina la mteja wangu lilikuwemo, na mbele yake deni kubwa kuliko tenda yangu mara kadhaa. Nilitazama kwa muda wa kumeza mate tu. Nikamrudishia simu, nikamwambia, "Serikali haifi, mjomba." Jioni ile ile nikatoka kwenda kuomba mahindi.

Tenda nilikuwa nimeipata, lakini mtaji wangu na mkopo wa benki havikutosha. Yalipungua magunia 62. Nilipita nyumba kwa nyumba. Nyumba ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mama mmoja mjane, upande wa kuteremkia Ziwa Balangida. Alikuwa na magunia 11. La mwisho lilikuwa halijashonwa, akaketi kwenye kigoda akalishona mdomo mbele yangu kwa shazia, polepole, akivuta kamba ya katani na kuikaza kila tundu ili punje isidondoke njiani. Akaniuliza, "Utanilipa lini, baba?" Nikasema, "Miezi miwili, mama." Lile jedwali lilikuwa bado machoni pangu.

Mzigo ulipokelewa stoo, ukapimwa, ukasainiwa. Hakuna aliyeniomba chochote, wala sina wa kumshtaki. Baada ya hapo nikajifunza maneno mawili: fungu na uhakiki. Fungu halijashuka. Madeni yako kwenye uhakiki. Wahakiki walikuja, wakataka hati halisi, wakaondoka; wakaja wengine, wakataka hati zile zile. Juni 30 mwaka wa fedha ukafungwa, na dai langu likahamia mwaka mwingine. Mkataba ulinipa haki ya kudai riba ya kucheleweshewa. Sikudai. Niliogopa wataninyima tenda inayofuata, na hilo nalo naliungama, kwa sababu riba ile ilikuwa jasho la watu niliowakopa.

Wakati huo mahindi yakapanda bei nchi nzima. Gunia nililochukua kwa shilingi 60,000 lilipita 100,000 mwanzoni mwa 2023. Majirani zangu walikuwa wanapita mnadani wanasikia bei hiyo, na ghala zao nilizimaliza mimi. Wengine walirudi kununua mahindi ya kula.

Kisha ikaja Jumapili ya Desemba 3, 2023, tope na mawe vikashuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Mmoja wa wale tisa alikuwa na binti aliyekuwa amejenga huko. Alikuja kwangu asubuhi ya siku ya tatu. Hakugomba. Alisema tu kwamba mtoto amebaki na nguo alizovaa, na kama ninayo hela yoyote nimpe. Sikuwa nayo. Nilisimama mlangoni kwangu, mtu mzima mwenye mkataba wa serikali kabatini, nikamwacha mzee aondoke mikono mitupu.

Nililipwa mwaka 2024, fedha ikiwa imekatwa kodi ya zuio ya asilimia 2, na benki ikachukua sehemu kubwa. Niliwapa majirani zile 60,000 za kila gunia. Wakapokea, wakashukuru, na shukrani zao zikanichoma, kwa kuwa fedha ile haikuweza tena kununua gunia walilonipa. Ndipo nikaenda kuwaeleza habari ya jedwali la CAG, kwamba niliona kabla sijawagongea, na nikaahidi kuwafidia tofauti kwa bei ya siku walizohitaji kuuza.

Ewe unayejaza tenda, usilale kabla hujamtafuta aliyepeleka mzigo mwaka jana ukamuuliza kama amelipwa. Na ukikuta anadai, usiende kukopa kwa mjane.

Fuso nimeiuza. Aliyemaliziwa kwanza ni mama yule wa magunia 11. Zimebaki nyumba mbili, magunia 17, na tarehe niliyowaahidi wanayo.