Ukuta wa Qorikancha na Tatizo la Usomaji

Anayezuru Cusco, nchini Peru, huonyeshwa Qorikancha, hekalu la Wainka ambalo juu ya kuta zake Wahispania walijenga kanisa na makao ya watawa ya Santo Domingo. Tetemeko la ardhi la mwaka 1950 liliyaharibu vibaya majengo hayo. Kuta za Wainka, za mawe yaliyoshikamanishwa bila chokaa, zilisimama. Mgeni aliyezoea fasihi husoma hapo ushindi wa walioshindwa. Usomaji huo unavutia, lakini ni wake yeye. Wainka hawakutumia herufi. Kumbukumbu zao zilifungwa katika mafundo ya kamba yaitwayo khipu, ambayo mengi hayajafumbuliwa hadi leo. Kimya cha matini, basi, si idhini ya mhakiki kuijazia maneno.